Haiku na Rangi za Maji Mombasa: Jozi Inapokataa Kushikana

Shairi peke yake linapendeza. Picha peke yake inapendeza. Ukiviweka kwenye karatasi moja, vyote viwili vinafifia. Hili ndilo lalamiko ninalolisikia zaidi kwa watu wa hapa Mombasa wanaoandika haiku za maumbile, yaani mashairi ya Kijapani ya mistari mitatu yenye mizani 5, 7 na 5, na kuzioanisha na picha za rangi za maji. Wengi wanadhani tatizo ni mkono wao: brashi haijazoea, au lugha haijaiva. Ninavyoona mimi, mkono hauna lawama. Lawama iko kwenye mgawanyo wa kazi baina ya shairi na picha, na kwa kuwa tunaishi kwenye kisiwa chenye hewa ya chumvi, mara nyingine iko kwenye karatasi yenyewe.

Japani sanaa hii inaitwa haiga: mchoro wa wino au wa rangi nyepesi, na haiku imeandikwa kwa mkono kwenye nafasi iliyobaki. Yosa Buson (1716–1784) alikuwa mshairi na mchoraji kwa pamoja, na kazi za watu kama yeye zina kanuni inayotibu nusu ya matatizo yaliyo hapa chini: picha haifasiri shairi, wala shairi halielezi picha. Mimi huigeuza kanuni hiyo kuwa swali, na ningependa ulishike unaposoma dalili zote. Katika jozi hii, nani amebeba msimu? Akiubeba mmoja, mwenzake yuko huru kufanya kazi nyingine. Wakiubeba wote wawili, mmoja hana kazi. Asipoubeba yeyote, jozi haina mwezi wala mwaka.

Ukishasoma shairi, huna haja ya kuitazama picha

Chukua haiku hii:

Jahazi moja
likivuka bandari —
jua latua.

Juu yake pamechorwa jahazi, bandari na jua linalotua. Hakuna kosa la mizani wala la brashi, lakini msomaji akishasoma amemaliza, na akishatazama amemaliza. Kila kilichomo kwenye shairi kimo kwenye picha.

Watu wengi hukimbilia kuichora picha upya. Usiiguse kwanza. Chukua shairi, futa kila kitu ambacho jicho tayari limekiona, kisha jiulize saa ile masikio yalisikia nini, pua ilinusa nini, ngozi ilihisi nini, na nani mwingine alikuwa karibu. Hivyo ndivyo vitu ambavyo rangi haiwezi kuvisema, na shairi linaviweza. Kwa picha hiyohiyo ya jahazi ningeandika:

Pazia leo
laelekea ndani —
mama yu kimya.

Sasa jahazi limebaki kwenye picha, na upepo umehamia kwenye shairi. Mtu aliyekulia Mji wa Kale hahitaji kuelezwa. Majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalikuja huku na kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, yakarudi kwao na kusi, upepo wa kutoka kusini. Pazia la dirisha linaloitazama kusi likianza kujaa upepo kuelekea ndani, kuna mtu anasafiri. Shairi limebeba msimu, kwa hiyo picha haihitaji tena jua linalotua. Lifute. Acha anga nyeupe, karatasi tupu, na jahazi liwe dogo kuliko ulivyozoea kulichora.

Kuna ugonjwa wa upande wa pili, nao ni mwepesi kuutambua: shairi na picha vimeachana kiasi kwamba msomaji anadhani karatasi mbili zimechanganywa. Lazima kibaki kitu kimoja cha pamoja. Saa moja, au mahali pamoja, au upepo mmoja. Kimoja kinatosha, vikifika vitatu umerudi kwenye tatizo la kwanza.

Picha ni nzuri, lakini haijulikani ni mwezi gani

Hapa ndipo jozi nyingi za Mombasa zinapoangukia, na chanzo chake kinaeleweka. Tunajifunza haiku na rangi za maji kutoka kwa watu wa nchi zenye theluji. Kwao msimu uko kwenye majani: yanachipua, yanakuwa mekundu, yanapukutika, kisha inakuja theluji. Wajapani wana orodha nzima za maneno ya msimu, kila neno limepangiwa wakati wake, na mshairi akilitaja moja tu msomaji anajua ni majira gani. Sisi tukijaribu kufanya vivyo hivyo tunaazima maua yao ya cheri na majani yao mekundu, au, tukikwepa hilo, tunachora mnazi na kunguru. Mnazi na kunguru wapo mwaka mzima. Hawabebi msimu wowote.

Mombasa iko takriban nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Urefu wa mchana haubadiliki kiasi cha mtu kuuona. Msimu wetu uko kwenye upepo, kwenye maji, kwenye matunda na kwenye vivuli, na maneno yake yapo tangu zamani.

Kaskazi inaanza kushika kuelekea mwisho wa mwaka na kuendelea hadi Machi. Bahari inatulia, maji yanakuwa maangavu, wavuvi wanatoka nje ya miamba. Ndani yake mna kiangazi, joto la Februari na Machi ambalo halimwachi mtu alale bila feni. Kisha upepo unageuka, masika inaingia, na Mei ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote hapa. Kusi imeshika. Maji ya mkono wa bahari wa Tudor yanageuka rangi ya chai ya maziwa kwa udongo unaoteremka, na kuta za mawe ya matumbawe zinapiga weusi na ukijani. Juni hadi Agosti ni kipupwe: asubuhi za ubaridi, bahari ya kijani iliyochanganyika na kijivu, mawimbi yana vichwa vyeupe, na mvua za mchoo za rasharasha. Oktoba na Novemba inakuja vuli, na embe zinaanza kuingia masoko ya Kongowea na Marikiti. Mti wa mkrismasi unawaka maua mekundu. Mbuyu unafungua maua yake meupe jioni, popo wanayatembelea usiku, na kesho yake yameshadondoka.

Zaidi ya majina hayo kuna hazina ambayo washairi wachache wanaigusa. Mabaharia na wakulima wa pwani walikuwa na kalenda ya Nairuzi, inayohesabu mwaka kuanzia Siku ya Mwaka, kwa miongo: siku kumi, kumi, kumi. Kila mwongo ulikuwa na habari yake ya upepo, mvua na bahari. Hiyo ndiyo orodha yetu ya maneno ya msimu. Ukikaa na mzee aliyewahi kuendesha chombo, muulize ni mwongo gani matlai, upepo wa mashariki, huanza kuvuma na ni mwongo gani bahari hufungwa. Andika majibu kwenye daftari lilelile unalochorea, ukurasa mmoja kwa kila mwongo, na weka humo pia kipande cha rangi ya bahari ulivyoiona siku hiyo. Baada ya mwaka utakuwa na kitu ambacho hakuna duka linaloweza kukuuzia.

Kwa mchoraji, alama ya msimu isiyotumiwa vya kutosha ni kivuli cha mchana. Juni jua la saa sita hupita upande wa kaskazini mwa utosi, na vivuli vya watu vinalala kuelekea kusini. Desemba ni kinyume chake. Na mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 10 Machi na siku za mwanzo za Oktoba, jua linapita juu ya utosi kabisa, na baada kidogo ya saa sita mchana mtu aliyesimama wima hana kivuli cha kuonekana. Kwenye vichochoro vya Mji wa Kale mwanga huo unafika hadi chini, mahali ambapo siku nyingine huwa giza. Haiku ya wakati huo:

Muuza maji —
kivuli chake chote
chini ya nyayo.

Shairi limeubeba msimu bila kuutaja, kwa hiyo picha isichore mkokoteni wa madumu wala muuza maji. Chora ukuta mweupe na mlango uliofungwa, chini kabisa utie ufito mwembamba wa buluu iliyokolea pale ukuta unapokutana na sakafu.

Tahadhari moja kuhusu Ramadhani. Wengi huitumia kama neno la msimu, na inaeleweka: mwandamo, futari, mitaa ya usiku. Lakini mwaka wa Hijiria ni mfupi kwa siku kama 11 kuliko mwaka wa jua, na Ramadhani huzunguka misimu yote katika muda wa miaka 33 hivi. Shairi la Ramadhani lina ibada na lina saa, halina msimu. Ukiandika juu ya futari, basi picha ndiyo ibebe msimu: bakuli la embe, au bati linalotiririka maji.

Kama bado huamini kwamba msimu unaweza kuonekana bila theluji, fanya zoezi hili. Chagua kipande kimoja cha ukuta wa Ngome ya Yesu (Fort Jesus), ambao Wareno waliujenga kati ya 1593 na 1596, na ukichore palepale, saa ileile, kipupwe, vuli, kiangazi na masika. Usichore kitu kingine. Weka picha hizo nne mezani bila tarehe, umwite mtu wa mji azipange. Atazipanga.

Mvuvi anaitazama picha na kutikisa kichwa

Hili ni tatizo la ukweli, na kwangu mimi ni zito, kwa sababu haiku inasimama juu ya kitu kilichoonwa. Msomaji asiyejua bahari atapita. Anayeijua atakoma kukuamini, hata kama mistari yako ni mitamu.

La kwanza: Mombasa bahari kuu iko mashariki. Jua linachomoza baharini, halizami baharini. Ukikaa Mama Ngina jioni, jua liko nyuma yako. Anayetaka machweo juu ya maji aende Kilindini, na huko atakutana na meli za makontena na minara ya kupakulia, si upeo mtupu. Majahazi ya Bandari ya Kale yako upande wa Nyali, upande wa asubuhi. Ile haiku ya kwanza kabisa ina kasoro hii pia.

La pili ni mwezi na maji. Bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kupita kawaida, huja na mwezi mpevu na mwezi mchanga. Hapa kwetu, siku za bamvua, maji hujaa kiasi cha saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kati ya saa nne na saa tano, asubuhi na usiku. Mwezi mpevu huchomoza jua linapozama. Kwa hiyo ukichora mwezi mpevu unatoka majini huku mwamba umeanikwa mtupu na kina mama wanaokota chaza, umechora kitu kisichotokea: saa hiyo maji bado yako juu. Mwezi mpevu na maji yaliyopwa ni picha ya saa nne usiku, mwezi ukiwa umeshapanda. Badilisha mmoja wao. Mara nyingi ni rahisi zaidi kuupandisha mwezi hadi utoke nje ya karatasi, ukabaki mwanga wake tu kwenye vidimbwi.

La tatu, hilali, yaani mwezi mwandamo. Kwenye picha nyingi za kuigwa inasimama wima. Huku karibu na ikweta hulala chali au karibu na chali, pembe zake juu, na huonekana magharibi baada ya jua kuzama. Watu wa Mombasa wanaotoka kuutazama mwandamo wanalijua hilo. Ukiisimamisha hilali, umechora anga ya watu wengine.

Haiku inasikika kama ubeti wa tarbia uliokatwa

Sikio letu limelelewa na mizani 16, vina vya kati na vya mwisho, na kituo kinachofunga hoja. Mvita, yaani Mombasa, ni mji wa mshairi Muyaka. Hatuwezi kulivua sikio hilo, na wala sipendi tulivue. Lakini haiku haifungi hoja. Ukiipa vina, msomaji anasubiri mstari wa nne. Ukiipa wosia, umeifunga kabla picha haijasema neno:

Bahari shwari —
mwanadamu jifunze
kutulizana.

Mizani imetimia, na jozi imekufa. Picha yoyote utakayoiweka hapo itakuwa pambo la nasaha. Uache mstari wa kwanza, kisha ulete kitu:

Bahari shwari —
kiatu cha mtoto
kimekauka.

Siku zilizopita kilikuwa kimeloa. Nani alikuwa majini, kwa nini kiatu ni kimoja, msomaji ataliwaza mwenyewe, na picha ina nafasi ya kumjibu au kutomjibu.

Dalili nyingine ya jamii hii ni sentensi moja iliyopasuliwa vipande vitatu: "Nimeamka / nikaona bahari / imetulia." Mizani ni 5, 7, 5, lakini hamna mkato. Haiku inahitaji mahali pa kusimama, ambapo vitu viwili vinatazamana. Wajapani wana maneno maalumu ya kukata. Kiswahili hakina, ila kina njia nzuri: taja nomino na sifa yake bila kitenzi, kisha nyamaza. "Bahari shwari." "Ndoo ya pili." "Kahawa chungu." Sikio linajua kwamba kitu kingine kinakuja.

Kahawa chungu —
vidole vyote kumi
kwenye kikombe.

Hiyo ni kipupwe, na neno baridi halimo.

Kuhusu mizani yenyewe, wapo wanaosema 5-7-5 haifai lugha za nje. Kwa Kiingereza hoja hiyo ina nguvu. Kwa Kiswahili sikubaliani nayo sana. Silabi zetu nyingi ni wazi, konsonanti na irabu, karibu na mapigo ya Kijapani. "Kuu" kwetu ni mizani mbili, na Wajapani nao huhesabu irabu ndefu mara mbili. "M" ya "mtoto" inasimama peke yake, na "n" yao ya mwisho wa neno hufanya vivyo hivyo. Shida yetu ni urefu wa vitenzi. "Hawakunipikia" pekee ni mizani 7, mstari mzima wa kati umeliwa. Dawa ni mbili. Punguza vitenzi, hasa vyenye yambwa na vinyambuliko. Pili, tumia wakati wa -a- kama washairi wa Mvita walivyofanya: "jua lachwa" badala ya "jua linakuchwa". Usijaze pengo kwa "sana", "tena" au "kweli". Mizani 16 safi ni bora kuliko 17 yenye kibarua.

Rangi inazama kwa madoa, kana kwamba karatasi ina kiu

Tukifika hapa tunaacha ushairi, lakini msimu haututoki. Karatasi ya rangi za maji hupakwa gundi maalumu kiwandani ili maji yakae juu yake kwa muda. Unyevu wa miezi mingi huiharibu gundi hiyo, na mende na wadudu wengine wa karatasi wanaipenda. Karatasi inaonekana mpya, lakini rangi ikiigusa inazama papo hapo, na madoa yanatokea ambayo hayafutiki.

Jaribu kabla ya kuanza: tone la maji safi kwenye kona. Likikaa limevimba, karatasi ni nzima. Likizama mara moja, usiipe karatasi hiyo kazi ya mpako mpana wa anga. Itumie kwa michoro ya penseli. Unaweza kuipaka jelatini isiyo na rangi wala sukari, iliyoyeyushwa kwenye maji vuguvugu iwe nyepesi mno, kisha uianike, na mara nyingi hufaa. Ila ni bora kuzuia. Funga karatasi kwenye mfuko usiopitisha hewa pamoja na vipakiti vya silika, uiweke juu ya kabati la ndani, mbali na ukuta wa nje. Nunua kidogo kidogo. Karatasi ya pamba ya gramu 300 kwa mita mraba inavumilia zaidi, nayo haijikunji kama ile nyepesi.

Mei haikauki, Februari inakauka kabla ya kumaliza

Watu huniambia rangi zao zimeharibika. Rangi ni zilezile, hewa imebadilika. Masika, mpako unaweza kukaa umelowa muda mrefu, na ukiongeza rangi yenye maji mengi juu yake, maji yanarudi nyuma na kuacha kingo zenye mikunjo ya maua. Tumia brashi iliyokamuliwa, chora asubuhi, na usitegemee tabaka zaidi ya mbili kwa siku. Au ikubali hiyo mikunjo: kwa anga ya mvua kubwa hakuna mbinu inayoishinda.

Ndoo ya pili
chini ya bati lile —
tone la kwanza.

Kwa haiku hiyo nimeona anga iliyojichora yenyewe kwa njia hiyo, kijivu juu ya kijivu, bila tone hata moja la mvua kwenye karatasi, na ilitosha.

Kiangazi tatizo ni kinyume. Kaa kivulini, zima feni, lowesha karatasi upande wa nyuma pia, na changanya rangi nyingi kabla ya kuanza ili usisimame katikati ya anga.

Kuna pia wanaochovya brashi kwenye maji ya bahari ili picha iwe na bahari ndani yake. Ninaielewa hamu hiyo, lakini chumvi ya bahari huvuta maji kutoka hewani unyevu ukipita takriban asilimia 75, na Mombasa alfajiri nyingi unapita. Picha itakuwa inaloa na kukauka kila siku, na kuvu itafuata. Tumia maji ya kunywa.

Wino wa shairi unatambaa

Vyanzo ni vitatu: karatasi bado ina unyevu, gundi ya karatasi imekufa, au wino ni wa kuyeyuka. Gusa karatasi kwa mgongo wa mkono. Ikiwa ya baridi, haijakauka. Tumia wino wa chembe usioyeyuka kwa maji, na andika kwanza kwenye kipande cha karatasi hiyohiyo.

Mahali pa kuandikia paamuliwe kabla ya brashi kushikwa. Pangilia kwa penseli nyepesi nafasi ya mistari mitatu, ukumbuke kwamba mistari ya Kiswahili ni mirefu. Wapo wanaoandika kwa khati za Kiarabu, jinsi mashairi ya pwani yalivyoandikwa kwa karne nyingi, na matokeo ni mazuri mno. Ila hapo jicho linaingilia kulia, kwa hiyo uzito wa picha uhamie kushoto, la sivyo shairi na picha vitasukumana.

Jozi inafifia au kuota madoa ukutani

Wekundu ukitoweka kwanza, angalia msimbo kwenye tyubu. PR83, alizarini ya zamani, hufifia kwa mwanga. PV19, waridi wa kwinakridoni, hudumu zaidi. Hili linagusa sana mkrismasi na vuli yote. Paka mstari wa kila rangi yako kwenye karatasi, funika nusu kwa kadibodi, na uache dirishani miezi michache. Utajua ipi ya kuiamini.

Madoa ya kahawia ni kuvu. Kioo kisiguse picha. Weka fremu ya kadibodi katikati. Kuta za matumbawe hunyonya maji, kwa hiyo bandika vipande vya kizibo nyuma ya fremu ili hewa ipite, na tumia ukuta wa ndani. Rangi za kisanduku nazo huota kuvu masika kwa sababu zina gundi ya mgunga (gum arabic) na pengine asali. Ziache zikauke kabla ya kufunika. Tone la mafuta ya karafuu kwenye maji ya kuzilainishia husaidia.

Kila jozi inasimama, lakini mwaka mzima hausomeki

Ukipanga jozi nane au kumi kuanzia Januari, utaanza katikati ya kaskazi na kuukata msimu vipande viwili. Anza kwenye Siku ya Mwaka, ambayo Makunduchi huko Unguja husherehekewa Julai, ndani ya kipupwe. Mfululizo utatoka kwenye kijani cha kijivu, uende kwenye wekundu wa vuli, weupe wa kiangazi, kisha uishie kwenye weusi wa masika.

Angalia pia mbeba msimu asiwe yuleyule mara zote. Shairi likibeba mara tatu mfululizo, ya nne iachie picha. Kwa mfano, hii ina embe:

Embe batini —
paka abadilisha
upande wake.

Shairi limeshabeba vuli, picha yake iwe kisogo cha paka na kivuli cha bati. Jozi inayofuata iandike bila tunda, bila upepo, bila mvua, kisha uchore mbuyu wa Mama Ngina ukiwa hauna jani hata moja. Na jozi ya vuli usiiweke jirani na ya masika hata kama tarehe zinaruhusu. Zote mbili ni za mvua, rangi zao zinafanana, na bila kiangazi katikati mtazamaji atadhani ni picha moja iliyochorwa mara mbili.